Sura ya Saba: Bamba Refu la Msumeno wa Injini, Kuteuliwa Kwake na Kutunzwa Kwake

Katika vyombo vyote ambavyo mwanadamu amevibuni ili aangushe na kupasua miti iliyo mikubwa kuliko nguvu za mikono yake, hakuna kilichofupisha kazi kama msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa injini, wala hakuna kilicholeta hasara nyingi zaidi pale kilipotiwa mikononi mwa mtu asiyekielewa. Watu huistahi injini kwa sababu ya ngurumo yake, na huyanoa meno kwa sababu huyaona yakififia. Lakini lile bamba refu la chuma ambalo mnyororo hulizunguka, na ambalo mafundi wengi huliita baa, aghalabu hukumbukwa siku limekwisha haribika. Muradi wa sura hii ni kulirudishia bamba heshima yake, maana ndilo linaloishika njia ya mkato, na kadiri linavyokuwa refu ndivyo wema wake na ubaya wake unavyozidi kuonekana.

Wazee waliopasua mbao kabla ya zama za injini waliliweka gogo juu ya shimo au juu ya jukwaa, mmoja akasimama juu na mwenziwe akashuka chini, msumeno mrefu ukapanda na kushuka baina yao, na unyofu wa ubao ukategemea uzi uliopigwa juu ya gogo na macho ya watu wawili walioulinda uzi huo bila kuchoka. Yule wa juu aliongoza, na yule wa chini, ijapokuwa uso wake ulijaa unga wa mti, alirekebisha kila upotovu mdogo kabla haujawa mkubwa. Tuliposhika msumeno wa injini mtu wa chini aliondoka, na dhamana yake yote ikakabidhiwa bamba. Kwa hiyo bamba lililopinda, au lililolika upande mmoja, ni sawa na mpasuaji wa chini aliyefumba macho.

Historia ya chombo hiki si ndefu. Mwaka 1926 Andreas Stihl alianzisha karakana yake mjini Stuttgart, nchini Ujerumani, akaunda msumeno wa mnyororo wa umeme, na mwaka 1929 akaufuatisha na ule wa petroli. Lakini misumeno hiyo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 40, ikashikwa na watu wawili, mmoja upande wa injini na mwingine kwenye mkono uliofungwa katika ncha ya bamba. Mnyororo wenyewe ulikuwa na meno ya kukwangua, yenye kuhitaji kunolewa mara kwa mara, mpaka mwaka 1946 Joseph Buford Cox, mkata miti wa jimbo la Oregon nchini Marekani, alipomchunguza buu wa mdudu wa miti akiula mti kulia na kushoto kwa taya zilizopinda, akaliiga umbo la taya hizo katika jino la chuma. Mnyororo wake ulianza kuuzwa mwaka 1947, na jino lile ndilo asili ya meno tunayoyatumia hata leo. Kisha injini zikapungua uzito, na misumeno kama Stihl Contra ya mwaka 1959, iliyouendesha mnyororo moja kwa moja bighairi ya giaboksi, ikamwezesha mtu mmoja kufanya kazi ya wawili. Hapo yule aliyekuwa akiishika ncha ya bamba akaondoka naye, kama alivyoondoka mpasuaji wa shimoni, na ncha ikabaki huru, mbali na mkono wa binadamu, ikitegemea unyofu wa chuma peke yake.

Urefu wa bamba huamuliwa na msitu. Katika nchi za Sweden na Finland, ambako misonobari na miti ya jamii yake ni myembamba na hukatwa kwa wingi, wakata miti hutosheka na mabamba ya inchi 13 hadi 18. Ilhali katika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, toka Oregon na Washington mpaka British Columbia, ambako vigogo ni vinene na milima ni mikali, mabamba ya inchi 32 na 36 ni jambo la kawaida, kwa kuwa mkata miti huweza kujitenga na shina, na huweza kupogoa matawi ya mti uliolala akiwa wima, asiukunje mgongo kutwa nzima. Wote wawili wana haki, maana kila mmoja ameutii msitu wake.

Kwetu nako misitu haifanani. Misindano ya Sao Hill, kule Mufindi, hupandwa kwa safu na kuvunwa ingali na vigogo vya wastani, na mtu atakayeiendea na bamba la inchi 36 atabeba bure uzito usio na faida, atatumia mafuta zaidi, na atachoka kabla ya saa sita ya mchana. Mvule mkongwe, au mkangazi wa bonde la Kilombero, ni habari nyingine, kwa kuwa upana wa kigogo chake huweza kuzidi mita moja na nusu. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba bamba ni lazima liwe na urefu wa kipenyo cha mti. Fundi mwenye ustadi huweza kuangusha mti ambao kipenyo chake kinakaribia urefu wa bamba lake mara mbili, kwa kukata upande huu kisha upande ule, mikato ikakutana ndani. Bamba la inchi 36, ambalo ni sentimita 91, linatosha basi kwa miti mingi mikubwa tuliyo nayo. Ifahamike pia kwamba urefu unaohesabiwa ni ule unaotoka nje ya mwili wa msumeno hadi nchani, wala si urefu wa bamba zima likiwa limelazwa mezani.

Anayehitaji bamba refu kuliko hapo, inchi 42, 48 au hata 60, ni yule anayepasua gogo kwa upana wake wote ili apate mbao pana za meza na milango, naye hufunga bamba ndani ya kiunzi cha chuma kinachoteleza juu ya gogo. Huyu akumbuke kwamba kiunzi hula sehemu ya bamba huku na huku, hata upana anaoweza kuupasua hupungua kwa sentimita kadhaa kuliko alivyotarajia. Ama mpasuaji wa mkono, ambaye huifuata mistari iliyopigwa kwa uzi na kuteremsha bamba toka juu, yeye hutazama kina cha gogo, na mara nyingi hugundua kwamba bamba alilokuwa akilitamani ni refu kupita haja yake.

Baada ya msitu, shauri la pili huombwa kwa injini. Injini ya sentimita za ujazo 70 hubeba vyema bamba la inchi 24 hadi 28. Ya sentimita 90 huweza kubeba inchi 36. Na zile kubwa kabisa, za karibu sentimita 120, kama Stihl MS 880 na Husqvarna 3120 XP, ndizo zinazostahimili inchi 42 na zaidi. Hesabu hii hupungua tena mti unapokuwa mgumu, kwa hivyo aliye na mkongo au mpingo mbele yake na ateremke daraja moja katika urefu, asione haya. Mtu anayelifunga bamba refu katika injini dhaifu kwa kupenda fahari huilazimisha injini ivute mzigo usio wake. Naye, akiona mkato unasuasua, hulikandamiza bamba kwa nguvu, kingo zikapata moto, na kwa siku chache akaliua bamba, mnyororo na injini kwa pamoja.

Sababu ya udhaifu huo ni dhahiri kwa anayehesabu meno. Mnyororo wa bamba la inchi 36, wenye hatua (kipimo kitakachoelezwa hapa chini) ya 3/8 ya inchi, una viungo vya kuendeshea takriban 114. Katika mnyororo wa kawaida kila viungo viwili vina jino moja, kwa hiyo meno ni 57, na bamba linapozama lote ndani ya gogo karibu nusu ya meno hayo hutafuna kwa wakati mmoja, kila moja likidai sehemu yake ya nguvu. Katika mnyororo wa kuruka kila viungo vitatu vina jino moja, kwa hiyo meno ni 38, mzigo hupungua, na nafasi baina ya jino na jino huwa pana ya kutosha kuubeba unga mwingi wa mkato mrefu mpaka nje. Kwa sababu hii mnyororo wa kuruka ni rafiki wa mabamba marefu, nao una fadhila nyingine, kwamba meno yakiwa machache saa ya kunoa nayo huwa fupi. Mwenye kupasua kwa kufuata urefu wa mti na anoe meno yake yakaribie kuwa mraba, kwa pembe ya digrii 10 hivi, badala ya zile 25 au 30 za kukatia kwa kukingama. Uso wa ubao utatoka laini, na mnyororo hautalivuta bamba huku na huku.

Bamba na mnyororo havina budi kukubaliana katika vipimo vitatu, na kipimo kimoja kikikhitilafiana na vingine juhudi yote hupotea. Cha kwanza ni hatua, ambayo hupatikana kwa kupima umbali baina ya ribiti ya kwanza na ya tatu, kisha kugawanya kwa mbili. Misumeno mikubwa aghalabu hutumia 3/8 au 0.404 ya inchi, na hatua hiyo ni lazima iwe moja katika mnyororo, katika gurudumu la meno lililo kwenye injini, na katika kigurudumu cha puani. Cha pili ni unene wa ulimi, yaani ile sehemu ya kiungo inayoingia ndani ya mfuo wa bamba, ambao huwa milimita 1.3, 1.5 au 1.6; ulimi mnene hautaingia katika mfuo mwembamba, na ulimi mwembamba ndani ya mfuo mpana utayumba na kuupinda mkato. Cha tatu ni idadi ya viungo, ambayo hufuata urefu. Vipimo hivi vyote hupigwa chapa kwenye kitako cha bamba, na mnunuzi mwenye busara huviandika katika karatasi kabla hajaenda dukani. Tena akitazame kitako chenyewe, maana bamba huweza kukaa sawasawa katika boliti zake, ilhali tundu lake la oili halikutani na mdomo wa pampu. Bamba la namna hiyo litafanya kazi likiwa kavu, na mwenyewe hatajua kwa nini linaungua.

Kuhusu mwili na pua, zipo namna kadhaa. Mabamba mafupi na mepesi hutengenezwa kwa mabamba membamba matatu yaliyobandikwa pamoja, lakini bamba refu linafaa liwe la chuma kimoja kizito, kwa kuwa hubeba uzito wake lenyewe kwa umbali mrefu na hupambana na mikunjo. Wapo waundaji wanaolitoboa ndani ili kulipunguzia uzito, na nafuu hiyo huonekana wazi katika ncha, kwani uzito ulio mbali na mkono huchosha mara nyingi kuliko uzito ulio karibu. Pua yenye kigurudumu hupunguza msuguano na huurahisishia mnyororo kugeuka, na katika mabamba marefu mazuri pua hiyo huweza kuondolewa na kufungwa nyingine, bila kulitupa bamba zima. Pua ngumu, isiyo na kigurudumu, iliyofunikwa kwa madini magumu ya jamii ya kobalti na kromiamu, haina kitu cha kuvunjika ndani yake, hivyo huvumilia mchanga na kazi ya kuchoma ncha ndani ya mti. Lakini hutaka oili nyingi na mnyororo usiokazwa mno.

Hapa ndipo tunapofika kwenye oili, ambayo ndiyo uhai wa bamba. Mnyororo hukimbia kwa kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde, chuma juu ya chuma, na oili iliyotiwa kitakoni ni lazima isafiri mpaka puani na kurudi upande wa chini kabla haijatupwa yote hewani. Kwa hiyo oili ya bamba hufanywa iwe ya kunata, na pampu ya msumeno mkubwa hufunguliwa itoe kiasi kikubwa zaidi bamba linapokuwa refu. Jaribio lake ni jepesi: ielekeze ncha ya bamba kwenye uso mweupe wa kisiki kilichokatwa sasa hivi, pasipo kukigusa, upandishe injini mwendo, nawe uone kama mstari mwembamba wa oili unachoreka. Usipochoreka, simamisha kazi. Wapasuaji wa mabamba marefu kabisa huongeza kichupa cha pili, kinachodondosha oili karibu na pua, na ni tendo la hikima. Ama desturi ya kutia oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini za magari, ambayo imeenea sana kwa sababu ya urahisi wake, ni israfu iliyovaa joho la kubana matumizi: oili hiyo ina chembe za chuma zinazosaga kingo, haina mnato wa kufika puani, huitia sumu ardhi ya msitu, na ni hatari kwa ngozi ya mtu anayerukiwa nayo kila siku.

Utunzaji wa bamba hauhitaji zana za ghali. Hutaka tupa bapa, kipande chembamba cha bati, rula iliyonyooka, na mtu asiye na ajizi. Kila jioni bamba na livuliwe. Unga uliogandamana na oili ukwanguliwe kutoka katika mfuo, kuanzia kitakoni kuelekea puani, na tundu la oili lizibuliwe. Pua yenye tundu la grisi itiwe grisi mpaka ile chafu itoke. Kisha, wakati wa kulirudisha, bamba ligeuzwe, ukingo uliokuwa chini uwe juu, kwa kuwa upande wa chini ndio unaobeba nguvu ya mkato. Bamba lisilogeuzwa hufa upande mmoja, ilhali upande wa pili ungali mzima.

Kingo zenyewe zichunguzwe kwa kidole, polepole na kwa hadhari. Ukihisi ncha kali zilizojitokeza nje, hizo ni chuma kilichosukumwa na mnyororo, na zikiachwa hukatika na kuondoka na vipande vya ukingo. Ziondoe kwa tupa. Ukiona doa la rangi ya samawati, ujue mahali hapo palipata moto, ama kwa kukosa oili au kwa mfuo kubanwa. Lisimamishe bamba juu ya meza iliyo sawa, ukingo ukiwa chini: likiinama, au ukiona ukingo mmoja uko juu kuliko mwenziwe, zisawazishe zote mbili kwa tupa iliyoshikwa mraba. Mwisho pima kina cha mfuo, maana ndimi zikifika chini na kugusa sakafu yake mnyororo hauegemei tena juu ya kingo. Kwa hatua ya 3/8 kina kisipungue milimita 6, na kwa 0.404 kisipungue 7. Bamba lililopungua hapo limemaliza utumishi wake.

Lipo kosa moja ambalo huwadanganya hata mafundi wazoefu, nalo ni mkato unaopinda. Mvule huficha ndani ya mwili wake mawe ya chokaa, na mtiki una silika inayofifiza makali. Jiwe moja huweza kuyaharibu meno ya upande mmoja tu. Meno yakitofautiana makali mnyororo huvutwa upande ulio mkali, na fundi akiendelea kukata hivyo ukingo mmoja wa bamba hulika kuliko wa pili. Baadaye akinoa meno yote yakawa sawa, mkato hupinda vilevile, naye hulaumu mnyororo mpya asijue kwamba taksiri imekwisha hamia katika bamba. Katika bamba refu upotovu huo haufichiki, kwani bamba la sentimita 90 likiinama digrii moja tu, ncha yake huwa imepotoka kwa zaidi ya sentimita moja na nusu. Na hasara yake ni ya mali. Mnyororo mkubwa hula takriban milimita 9 au 10 za mti katika kila mkato, ilhali msumeno wa utepe hula milimita 2 au 3. Anayepasua mbao za milimita 25 kwa mkato wa milimita 10 amekwisha geuza zaidi ya robo ya gogo kuwa unga. Bamba linaloyumba huuongeza mkato huo, na tena ubao ukitoka mnene huku na mwembamba kule, seremala ataupiga randa mpaka robo nyingine iende.

Gurudumu la injini, mnyororo na bamba huchakaa kwa pamoja, na kimoja kikipuuzwa huviharibu viwili. Gurudumu likiwa na makovu ya kina cha nusu milimita libadilishwe, na ni vizuri kuzungusha minyororo miwili au zaidi ili vyote vizeeke kwa usawa. Wakati wa kukaza mnyororo inua ncha ya bamba, kwa sababu uzito wa bamba refu huiteremsha, na ukikaza bila kuinua mnyororo utalegea punde baada ya kuanza kazi. Mnyororo wa mita mbili ukipata joto la kazi hurefuka kwa zaidi ya milimita moja. Aliyeukaza ungali moto na aulegeze kazi ikiisha, maana ukipoa utajifupisha na kuuvuta mhimili wa injini usiku kucha.

Liko pia jambo la uhai. Robo ya juu ya pua ikigusa mti, msumeno huruka ghafla kumrudia mwenyewe, na katika bamba refu pua hiyo huwa mbali na macho, labda imejificha nyuma ya gogo au ndani ya majani. Kwa hiyo mwenye bamba refu ni faradhi ajue wakati wote ncha yake iko wapi, asikate juu ya kimo cha bega, asiruhusu mtu kusimama mbele yake, na alivike bamba ala yake kila anapotembea.

Atakayekwenda kununua bamba, basi, na auulize mti kwanza, kisha injini, na matamanio yake ayaulize mwisho. Na baina ya mabamba mawili yanayofaa achague lililo fupi, maana hilo litamtii zaidi na kumgharimu kidogo. Mvule uliosimama mbele yake ulichukua umri wa vizazi kadhaa kufikia unene ule. Sheria inaweza kumpa kibali cha kuukata, lakini kibali hakimpi haki ya kuugeuza unga bila sababu, na robo saa ya tupa na rula kila jioni ni ndogo mno mbele ya deni hilo.